Karanga Elfu Moja na Tisa

"Nianze?"

"Anza, tupo!"

"Mko wangapi?"

"Tele!"

"Bahati yenu. Buku wangu alikuwa peke yake."

Huyo Buku, yule panya mkubwa wa shimoni, zamani alikuwa na majirani. Fisi ndiye aliyewahamisha. Kila mavuno alikuja kugawa.

"Mimi si mwizi," alisema. "Nagawa mafungu sawasawa, na punje moja si fungu. Fungu moja lako, mengine yangu. Zikikataa kugawanyika, sizigusi."

Haki hiyo! Kanga alikuwa na karanga mia sita. Fisi akazigawa mafungu mia tatu, mbilimbili. Kanga akahama na karanga mbili na watoto sita. Ngiri akahama. Nungunungu akahama. Buku akabaki, hana hata wa kumsalimu.

Mwaka ule akavuna karanga elfu moja na kumi na mbili. Akazipanga, akazipangua. Muda alikuwa nao. Wa kuzungumza naye ndiye hakuwapo. Akala moja, akapanga. Akala ya pili, akapanga. Akala ya tatu, akapanga, akacheka mwenyewe.

Mara Fisi huyo, gudu, gudu, gudu!

"Hodi, Bi Buku!"

"Karibu, Bwana Fisi. Gawa."

Akagawa kwa mbili, ko, ko, ko. Ikabaki moja.

Akagawa kwa tatu, ko, ko, ko. Ikabaki moja.

Kwa nne, ikabaki moja. Kwa tano, zikabaki nne. Kwa sita, kwa saba, kwa nane, kwa tisa: moja, moja, moja, moja!

Siku zikapita. Buku akapika uji wa watu wawili. Fisi akamwambia watoto wa Kanga sasa wana manyoya. Buku akauliza tena na tena, wana manyoya ya rangi gani? Kugawa kukafika mafungu thelathini na moja, karanga bado zinakataa.

"Basi, Bwana Fisi. Ukizidisha mafungu kupita hapa, kila fungu litakuwa dogo kuliko idadi ya mafungu. Ni migawo ile ile uliyojaribu, umeigeuza tu."

Fisi akalia. "Hesabu gani hii isiyotaka mwenzake!" Akaenda zake, gudu, gudu.

Buku ameshinda! Shimo likawa kimya. Kimya kile kikamuuma kuliko njaa.

Akala karanga moja. Akagawa kwa mbili: sawasawa. Kwa tatu: sawasawa. Kwa saba, kwa nane, kwa tisa: sawasawa! Akatoka mbio.

"Bwana Fisi! Rudi! Sasa zinagawanyika!"

"Hunipati tena, mjanja wewe!" Fisi akajibu kutoka mbali, wala hakugeuka.

Buku akafanya mafungu mawili, mia tano na nne kila moja. La kwanza akalila msimu mzima. La pili akaliweka mlangoni, na kila asubuhi akalipangusa vumbi.

Hapo ndipo nilipoutua mzigo wangu. Mwenye mabega aubebe.

Mnataka funzo? Wajukuu zangu, raha ya chakula ni kula peke yako, usisumbuliwe na mtu. Haya, mbona mnainuka? Kaeni kidogo. Karanga nimeshazigawa, na kuna fungu halina mwenyewe.