Nani Aandikwe Mama?

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, kwa sababu hadithi hii mimi nikiimaliza itakuwa bado haijaisha. Mwisho wake utatoka vinywani mwenu. Wala msitegemee kucheka. Ina kifo mwanzoni na kingine katikati, na aliyebaki hai hawezi kutusaidia kuamua, maana ana wiki nane tu duniani.

Walikuwapo wanawake watatu, juu huko milimani Upareni, katika hospitali ambayo ukungu huingia mpaka wodini dirisha likisahauliwa wazi. Wa kwanza alikuwa na maziwa. Wa pili alikuwa na mkono usiotetemeka. Wa tatu alikuwa na kifua chenye joto, ingawa kifua chenyewe kilikuwa cha mtu wa miaka sitini na minane. Shikeni hapo: maziwa, mkono na kifua. Mkiniondolea kimoja, sina hadithi, nina kaburi tu.

Mwenye maziwa aliitwa Nakijwa, na huyo ndiye nitakayemfuata kwa karibu, kwa hiyo mjueni vizuri. Alijifungua binti miezi miwili na zaidi kabla ya siku zake. Damu ikakataa kusimama, na daktari akaona hana njia ila kuutoa mfuko wa uzazi ili mama apone. Alipozinduka aliambiwa mambo mawili kwa mkupuo mmoja: umepata mtoto, na hutapata mwingine. Binti alikuwa na kilo moja na gramu mia tatu. Katika wodi ile hiyo ilikuwa habari ya kushangilia, na wauguzi wakamwita Mnene.

Siku hiyohiyo kwenye kitanda cha nne alilazwa mvulana wa kilo moja na gramu hamsini. Mama yake, Elipina, alikuwa na kifafa cha mimba na hakuiona siku ya pili. Kabla hajakata kauli alimshika muuguzi mkono wa gauni, daktari akiwa palepale anasikia, akasema, "Mwambieni Zefania. Atakayemvusha mwanangu, huyo ndiye mama yake. Ampe, asimnyime." Zefania, mume wake, mkulima wa tangawizi, alipofikishiwa maneno hayo alijibu kwamba hawezi kuyapindua. Na nyinyi yashikeni, kwa sababu ndiyo yatakayotutesa.

Sasa niwaeleze mambo ya wodi ile yanavyokwenda. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hajui kunyonya. Hawezi kuvuta, kumeza na kupumua kwa pamoja, kimojawapo kitamshinda. Kwa hiyo kila baada ya saa tatu mama hukamua maziwa kwenye kikombe kidogo, kikombe kinabandikwa kipande cha plasta nyeupe chenye jina lake, kisha vikombe vyote vinapangwa kwenye sinia. Muuguzi hupima kwa bomba la sindano na kuyateremsha taratibu kwenye mpira mwembamba uliopitishwa puani hadi tumboni. Humo wodini mtoto hana jina lake. Kitandani, kwenye faili na kwenye kikombe anakwenda kwa jina la mama. Mtoto wa kitanda cha nne aliandikwa Mtoto wa Elipina. Alikuwa na jina la mama, lakini hakuwa na kikombe kwenye sinia.

Nakijwa, siku zile za mwanzo, alikamua kwa machozi. Ilitoka dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, mililita saba, mara nyingine nane. Aliyaona yakipelekwa, na akirudi kuchungulia anakuta kikombe kikavu.

"Sista, yanamtosha kweli?" aliuliza siku ya pili.

"Endelea kukamua, mwanangu," akajibiwa.

Akaendelea. Siku ya nne asubuhi Mnene aliacha kupumua, akashtuliwa akarudi, akaacha tena. Daktari alisema mapafu yamechoka. Mume wa Nakijwa alimchukua mtoto kwenda kumzika, na Nakijwa mwenyewe, kwa kuwa kidonda cha upasuaji hakikumruhusu kusafiri, akabaki kitandani. Saa ambayo alijua wanafukia, ndiyo saa maziwa yalipofunguka. Yalilowesha gauni na shuka. Alichukua khanga akajifunga kifua kwa nguvu ili yakauke, na hapo muuguzi akaja akakaa ukingoni mwa kitanda chake.

"Nakijwa, ninachotaka kukuomba sina haki ya kukuomba."

"Omba tu, Sista."

"Kitanda cha nne."

Nakijwa alilia kidogo, akafungua khanga, akamwambia alete kikombe. Mume wake alipokuja kumchukua wiki iliyofuata alikataa kwenda. Alilala chumba cha akina mama waliokuwa na watoto wao, yeye peke yake hana, akiamka kila baada ya saa tatu pamoja nao. Walipoitwa kwenda kuwaangalia wanao, alikaa akaosha vikombe. Siku hamsini. Kitu alichompa mtoto yule hakikuwa ziada, ilikuwa mali ya marehemu wake, na kila tone lilimkumbusha. Hayo ndiyo maziwa.

Mwenye mkono ni huyo muuguzi, Sista Tumsifu. Umri wake miaka arobaini na saba, anaishi peke yake kwenye nyumba za wafanyakazi, na si mtu wa maneno mengi. Maziwa ya kopo yalikuwapo kabatini, lakini yeye alikwishaona yanavyoweza kuharibu tumbo la mtoto wa kilo moja. Alianza na mililita mbili. Kabla ya kila mlo alivuta kwanza kilichobaki tumboni akakitazama, kisha akamgusa mtoto tumbo kwa vidole viwili. Siku ya kumi na moja alivuta kitu cha kijani, na tumbo lilikuwa gumu, linang'aa. Akasema maziwa yasimame kabisa. Muuguzi mwenzake akamwambia atamuua kwa njaa. Nakijwa naye alisimama mlangoni na kikombe kimejaa, akasihi.

"Hata nusu, Sista. Hata tone."

"Hata tone," alisema Sista, na maana yake ilikuwa hapana.

Siku tatu mtoto aliishi kwa dripu na dawa. Likizo ya Sista ilianza siku hizo, naye hakwenda popote. Alikaa pale anapima mzunguko wa tumbo kwa uzi aliofunga vifundo, kila saa, mpaka uzi ulipoanza kulegea. Ndipo akarudisha maziwa, mililita moja tu. Daktari alikiri mwenyewe kwamba Sista angechelewa nusu siku kuyasimamisha, utumbo ungetoboka.

Mwenye kifua ni Bibi Foibe, mama yake marehemu Elipina. Alishuka kutoka kijijini kumzika binti yake, wa mwisho aliyekuwa amebaki kati ya wanne, na baada ya kuzika akaja hospitali na nguo zake za msiba. Mashine ya joto ilikuwa moja na watoto ni sita. Huko milimani baridi inamla mtoto uzito kuliko njaa: chakula chote anachopewa anakimaliza kwa kujipasha joto. Sista akamwuliza bibi kama anaweza kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa na kofia na nepi tu, mchana na usiku.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka yeye mwenyewe akatae."

Akafungwa mtoto kifuani siku ya kumi na tano. Alikula amekaa, akalala ameegemea ukuta, kwa sababu akilala chali kifua chake kibovu kilimletea kikohozi, na kikohozi kingemshtua mtoto. Mara tano, wengine wanasema sita, mtoto aliacha kupumua pale kifuani, na bibi aliyesikia kifua kidogo kimenyamaza akamsugua mgongo mpaka pumzi ikarudi. Mashine isingejua. Miguu ya bibi ilivimba, na sasa anatembelea fimbo. Gramu zilianza kupanda, ishirini, ishirini na tano kwa siku.

Siku ya hamsini na nne mvulana alifika kilo moja na gramu mia tisa, ananyonya mwenyewe, na daktari akasema aende nyumbani. Zefania akaja na shuka jipya la mtoto. Mezani ilikuwapo kadi ya kliniki, ambayo kila mtoto huondoka nayo, na kwenye kadi upo mstari ulioandikwa Jina la Mama. Karani alimwuliza aandike nani. Akaulizwa mwanamume yule, jamani, swali la neno moja, na akashindwa kulijibu.

Bibi Foibe alisema kwanza. "Ni damu yangu. Nimezika wanne, sina mwingine. Na nimembeba mpaka miguu imekufa. Mnataka nirudi kwenye nyumba tupu?"

Nakijwa alisema kwa sauti ndogo. "Mimi sina damu naye, bibi. Lakini hakuna nyama mwilini mwake isiyotoka kwangu. Na mimi sitazaa tena. Wewe utamnyonyesha nini?"

"Usiseme hakuna," bibi akamjibu, wala hakuwa mkali. "Wewe ulianza siku ya nne, ulipofiwa. Siku tatu za mwanzo, ambazo ndizo ngumu, alivushwa na Mungu na dripu. Hukuwepo."

Hapo Sista Tumsifu, aliyekuwa amesimama karibu na sinia kama mtu asiyehusika, akasema, "Alikuwepo."

Wote wakamgeukia.

"Dripu peke yake isingemvusha. Nilimpa maziwa tangu saa ya sita ya maisha yake. Kadi yake Nakijwa niliisoma, damu yake ilikuwa imepimwa, haina ugonjwa. Nilichukua kwenye kikombe chake. Sikumwomba, kwa sababu kama ningemwomba angekataa, na angekuwa na haki."

Nakijwa aliliona tena sinia la siku zile, kikombe kikavu, plasta yenye jina lake.

"Mwanangu akiwa hai," alisema.

"Akiwa hai."

"Yalimtosha?"

Sista angeweza kudanganya. Hakuna aliyekuwa anajua, na faili la Mnene lilikwishafungwa. Alisema, "Mara mbili hayakutosha. Mara mbili nilimpunguzia."

"Kiasi gani?"

"Mililita moja. Na mara ya pili, moja."

Daktari akaingilia, akasema mapafu ya binti yalikuwa hayajakomaa, kwamba mililita mbili zisingebadili kitu, na aliyasema hayo mara tatu. Lakini mnajua mwanadamu. Nakijwa alimsikia daktari, akamwamini, na bado akazihesabu mililita mbili zile. Alitaka kumchukia Sista na akajikuta anakumbuka uzi wenye vifundo. Alitaka kumchukia mtoto, na hilo ndilo lililomshinda kabisa.

"Na wewe unadai nini?" Bibi Foibe alimwuliza muuguzi. "Wewe hii ni kazi yako. Kila mwezi unalipwa."

"Nimevusha watoto wengi kwa mshahara, bibi, nikawarudisha kwao bila kugeuka nyuma," alisema Sista Tumsifu. "Kwa ajili ya huyu niliiba. Nilijua hii inaweza kunifukuzisha kazi, na sasa mmeshasikia, huenda ikanifukuzisha. Elipina alinishika mimi mkono wa gauni. Sijawahi kuomba mtoto wa mtu. Naomba huyu."

Zefania alisimama na shuka lake mkononi. Kama damu ndiyo inayoamua, kwa nini marehemu, aliyekuwa na mama mzima, hakumtaja mama yake? Kama ni maziwa, je, yaliyochukuliwa bila ruhusa yanahesabiwa kuwa yametolewa? Na aliyetoa ya siku hamsini baada ya kuibiwa bila kujua, deni lake linalipwa na nani? Kama ni mkono, je, mkono uliompunguzia mtoto mmoja ili mwingine aishi unastahili kupewa mtoto? Lakini bila mkono huo, leo tusingekuwa na kadi mezani.

Hapo mtoto aliamka. Alilia kilio chake chembamba cha njaa. Gauni la Nakijwa likalowa papo hapo, na ingawa moyo wake ulikuwa umefunga, maziwa hayakumngoja aamue. Bibi Foibe alikwishafungua kifungo cha juu, bila kujua kama amekifungua. Sista Tumsifu alitazama saa ya ukutani, ilikuwa ndiyo saa ya mtoto ya kula hasa, haikupita dakika. Wote watatu walipiga hatua moja kuelekea kitandani, kisha wakasimama, wakamtazama Zefania.

Karani ameshika kalamu. Mtoto analia. Mstari uko wazi, na unaingia jina moja tu.

Haya, mliosikia yote na hamkuzika mtu. Wewe uliyekaa karibu na mlango, na wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu niliposema Akiwa hai: msiniambie wagawane, mtoto hagawanywi. Je, wewe ungeamua vipi? Tena amua upesi, ana njaa.