Wimbo Aliousikia Paka

Palikuwa na sultani jina lake Hafidhi, ambaye masikio yake yaliwasumbua watu wa mji wake kuliko kodi zake.

Alinunua mashine ya muziki kutoka ng'ambo, spika zake ndefu kama milango. Muuzaji alimweleza kwamba kompyuta huikata sauti vipande vipande ili iweze kuihifadhi, na kwamba vipande vya mashine ile ni vyembamba mno, hata inahifadhi sauti za juu ambazo sikio la binadamu halizifikii. Mtu mwingine angeuliza, sasa za nini? Sultani akasema anazisikia.

Alikuwa mtu wa miaka sitini na ushei, na mkewe alipomwita kula ilibidi amguse bega.

Sultani akishasikia, baraza zima linasikia. Waziri Mbaruku aliapa kwamba anasikia kucha za mpiga udi zikigusa uzi, na kwamba kucha zenyewe zimekatwa karibuni.

Ikatoka amri. Ni marufuku kupiga muziki wa simu mjini, maana ni wa vipande vikubwa na unamkwaruza Sultani. Spika itakayokamatwa hairudi.

Ya kwanza kukamatwa ilikuwa ya Mwanakombo, mjane aliyepiga muziki wa simu kwenye harusi na kulisha wanawe kwa spika hiyo hiyo moja. Askari waliichukua wakati bibi harusi ndiyo kwanza anatolewa nje, wanawake wakabaki na mikono juu. Mwanakombo hakulia. Alikwenda kibandani kwa Chande, fundi wa redio, akashinda huko asubuhi nzima, kisha akaelekea barazani.

"Wewe ndiye unayetukwaruza masikio?" Sultani akauliza. Paka wake mweupe alikuwa amelala kwenye mto kando yake.

"Ndiye mimi, Bwana Mkubwa. Ila harusini hakuna aliyelalamika. Walikuwa wanacheza."

"Wana masikio ya kawaida. Muziki wako ni kama muhogo uliokatwa kwa panga."

"Wanaula hivyo hivyo, Bwana Mkubwa, na wanashiba."

"Na sauti za juu huna kabisa."

"Fundi Chande anasema hizo wanazisikia popo na paka tu."

"Chande ni fundi wa redio. Mimi ni Sultani."

"Hapo sibishi. Wanangu mimi nikiwaita kuosha vyombo hawasikii. Nikifungua kopo la sukari chumba cha pili, wanasikia. Kwa hiyo najua masikio yana mambo yake."

Watu wakacheka, wakamtazama Sultani, wakaacha.

Mwanakombo akafungua pindo la khanga, akatoa flashi. "Nimeleta ombi langu kwa wimbo. Chande amenipandishia sauti mpaka kwenye zile za juu kabisa, ili wenye masikio ya kawaida wasiambulie kitu. Simu yangu haiwezi kuubeba wimbo huu. Ni mashine yako tu."

Wakaichomeka flashi. Pakawa kimya, hata nzi akasikika. Paka akaamka, akasimamisha masikio, akaikodolea macho spika, kisha akatoka mbio. Sultani alifumba macho, akawa anatikisa kichwa kwa mapigo. Waziri Mbaruku alijifuta chozi.

Taa ya mashine ilipozima, Mwanakombo akauliza, "Umesikia, Bwana Mkubwa?"

"Kila neno."

"Na ombi langu, nimekubaliwa?"

Sultani akamtazama Waziri, Waziri akalitazama zulia. Kukataa kulitaka sababu, na sababu ilitaka mtu awe anajua kilichoombwa.

"Umekubaliwa," akasema Sultani.

"Lote?"

"Lote."

"Waziri ni shahidi?"

"Neno kwa neno, bibi," akasema Waziri, bado anajifuta.

Mwanakombo akaenda kwenye kona zilikowekwa spika zilizokamatwa, akainyanyua yake, akajitwika kichwani.

"Hiyo unaipeleka wapi?"

"Ubeti wa kwanza, Bwana Mkubwa."

Mwanakombo akaita nje, wakaingia wapagazi wawili. "Haya, baba zangu, anzeni na hilo kubwa. Polepole hapo kwenye kizingiti."

"Mashine yangu?"

"Ubeti wa pili."

Mashine ikatoka, na spika zake ndefu zikafuata. Mwanakombo akalitazama zulia. Kisha akakitazama kiti cha Sultani, akakisogelea, akaanza kukipima upana kwa mkono.

Sultani akashika mikono ya kiti. "Hebu ngoja, mwanamke. Huo wimbo wako una beti ngapi?"

"Muulize paka, Bwana Mkubwa. Mimi sikuusikia."