Wajumbe wa Tumbo la Kiboko

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, enzi za vyungu na mafiga, wanyama walikula pamoja siku ya mavuno. Desturi yao, mkubwa ndiye aanze, na akishanawa mkono harudi tena chunguni. Mama yangu, aliyenisimulia hadithi hii, akifika hapa alivimbisha mashavu kumwigiza huyo mkubwa, fuuu! Hata leo nikifumba macho namwona.

Mkubwa alikuwa Kiboko. Akianza, chungu kinakwisha! Mwaka ule watoto wa Bi Nguchiro, mjane mdogo mwepesi, walikuwa na siku mbili hawajatia kitu mdomoni.

Kiboko akabugia matonge matano ya ugali na kunde za nazi. Gubu! Gubu!

"Mjomba," akasema Bi Nguchiro, "wewe fundi wa kupanga watu. Hebu nipangie wajumbe wa tumbo lako."

"Wajumbe gani, we kidole gumba?"

"Wadogo kuliko chawa! Wamejibanza kwenye kuta za tumbo na utumbo. Wakionja chakula, wanatuma habari kwa njia ya damu. Wa juu hulia njaa. Wa katikati wakionja mafuta, huita nyongo. Wa chini hutangaza shibe."

"Rahisi! Wapange kwa makao. Wa juu, wa kati, wa chini. Basi!"

"Lo! Na nyumba moja ikiwa na anayechochea uchachu wa tumboni, na jirani yake anayeuzima?"

Kiboko akaweka tonge chini. "Basi kwa habari wanazobeba."

"Na mmoja akibeba habari mbili?"

"Mbili? Ebo!" Akakuna sikio. Akapanga, akapangua. Mara kwa makao, mara kwa habari, mara kwa vyote viwili. Kunde zikapoa. Huko ndani nazi ikateremka polepole, wajumbe wa chini wakaionja.

Beeuu! Kiboko akacheua. "Ajabu! Nimeshiba, na chungu hakijapungua hata nusu. Leteni maji."

Akanawa.

"Wanangu, sogeeni!" Bi Nguchiro akaita.

Kiboko akaruka. "Ala! Umenichelewesha makusudi!"

"Sikukunyima hata tonge, mjomba. Nimemngoja mjumbe wako afike tu."

Kiboko akautazama mkono wake unaochuruzika maji, akajisogeza kando. Watoto wakala, wakala, wakasinzia palepale wamekumbatia chungu.

Kuleni taratibu, wajukuu zangu: shibe huja kwa miguu, na mwenzako naye ana tumbo.