Hodi ya Chui

Hapo zamani za kale, Kibo ilipokuwa bado na theluji ya kushiba, Bi Pimbi aliishi juu kabisa, katika pango lenye mlango mwembamba na tundu la nyuma. Juu ya mlango ilining'inia theluji nzito. Asubuhi ilikuwa ngumu kama jiwe, lakini jua la mchana likiipiga, ilikuwa kama uji unaotaka kufurika: ukiugusa tu, umemwagika. Kwa hiyo mchana nyumbani kwa Pimbi watu walinong'ona, na hata kupiga chafya kulikatazwa.

Bi Pimbi akajifungua watoto watatu, wanono. Habari ikamfikia Chui kule msituni. Akaupanda mlima mate yakimdondoka, akafika jua likiwa utosini. Mlango haukumtosha hata kichwa. Basi akalainisha sauti.

"Hodi, shemeji. Nimekuja kukupa hongera ya uzazi. Toka na watoto niwaone."

Ushemeji ulianza lini, mimi sijui.

Bi Pimbi aliyaona meno yakitangulia hongera. Akawasukuma wanawe mmoja mmoja kwenye tundu la nyuma, watokee kwenye mwamba mkavu upande wa pili. Huku nyuma akajibu taratibu kwamba uzazi umemziba masikio.

"Hodi!" Chui akapaza.

"Nani? Panya?"

Nyie mnawajua watu wa namna hiyo. Mwite mdogo uone. Chui akavimba, akasema yeye ni Chui, mwana wa Chui.

"Chui namjua," akajibu Bi Pimbi. "Chui akibisha hodi, sufuria zangu hutikisika. Hizi zimetulia. Nenda zako, panya, niache nipumzike."

Kisha naye akapenya tundu la nyuma.

Chui akajaza kifua. Akaupiga mwamba kwa bega, gu! gu! Akanguruma, "HODIII!"

Sufuria zikatikisika. Theluji nayo ikatikisika. Ikaitika kwanza kidogo, ta! Kisha poromo poromo, guuuu! Ikambeba shemeji miguu juu, mkia mbele, mpaka ukingoni mwa msitu. Akaibuka mweupe pepepe, hana doa hata moja, na mbega wakaulizana huyu ni kondoo wa nani.

Kule juu ya mwamba, Bi Pimbi akachungulia, watoto watatu mgongoni. Akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Karibu, shemeji."

Hadithi nayo imeporomokea hapo, na neno lake ni hili: apayukaye huitikiwa na asiyemtarajia.