Ng'ombe Wawili wa Ursina

"Ukuta hauna miguu." Mmeisikia, mmecheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na msinikatize.

Zamani za Warumi, mpaka wao wa kaskazini ulikuwa mto mpana. Kando yake wakajenga ukuta, wanajeshi wote wakapangwa juu, mmoja hapa, mwingine kule, kama nguo kwenye kamba. Ukitoka ukutani, viboko.

Baridi ikizidi, mto unaganda. Wezi wa ng'ambo wanavuka kwa miguu, wanaparamia ukuta mahali penye watu wachache, wanafungua lango, wanaswaga ng'ombe wa watu. Wanajeshi wengine wako palepale juu, wanatazama.

Katika kijiji cha karibu alikaa mjane, Ursina. Mwaka ule wezi walimbakizia ng'ombe wawili tu, wa kulimia. Akapanda ngomeni kwa kamanda, Dasio.

"Kamanda, watu wako wanalinda nini?"

"Ukuta, mama."

"Kwani nani anauiba?"

Askari wakaangua kicheko. Dasio hakucheka. "Sasa unataka niongeze mawe?"

"Ongeza mpaka mbinguni! Ukuta hauna miguu, baba. Mwizi anayo. Hawa wawili wakienda, mimi silimi, na wewe mkate huli."

Dasio akakaa na neno hilo siku tatu. Halafu akawaacha askari wazee ukutani, kazi yao kuangalia na kuwasha moto wa moshi wakiona wezi. Vijana akawapa farasi, akawaweka nyuma, kwenye njia panda.

"Si tunawafungulia wezi mlango?" wakanung'unika.

"Waingie. Kutoka ndiyo kazi."

Wezi wakaja. Wakapita kirahisi, wakachukua ng'ombe wa Ursina. Moshi ukapanda. Sasa, mwizi mwenye ng'ombe hakimbii, anakwenda mwendo wa ng'ombe. Kabla hawajaufikia mto, farasi walishawazunguka.

Adhuhuri Dasio akafika kwa Ursina, kashika kamba mwenyewe.

"Ndio hawa, mama?"

"Ndio wenyewe. Huyo wa pembe moja anapiga teke, sogea."

Kasogea kachelewa. Vijana walicheka mpaka farasi wakashtuka.

Theluji ilipoyeyuka Ursina akalima. Mavuno ya kwanza akaoka mikate, akawapelekea vijana wa farasi. Wazee wakamwita kutoka juu: "Na sisi je?"

"Yenu hii hapa, mliona mkasema. Ila shukeni wenyewe mje kuichukua," akawajibu. "Ukuta hauna miguu."