Chande na Uzito wa Neno Kidole

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso kwanza. Redio moja ya wilayani ilikuwa na ofisi ya watu waliopotea na waliookotwa, na humo walikaa mafundi watatu ambao dunia imeshindwa kuzaa wengine.

Sikudhani aliandika matangazo kwa kasi mpaka kompyuta ikapepewa kwa kanga ipoe. Mzee Likumbo alisoma matangazo elfu chai ikiwa bado ya moto. Chande, yeye alipima maneno. Neno lililojaa kila tangazo, kama "mtoto", alilipa uzito wa unyoya. Neno adimu alilipa uzito wa tembo mwenye mimba. Ukitafuta, kompyuta inakuletea kwanza matangazo yenye tembo.

Akaja Bi Zawena, mjamzito. Binti yake kapotea gulioni, ana kidole cha sita mguuni.

"Atakayenipatia mwanangu, huyu wa tumboni nampa jina lake."

Wiki saba alirudi kila Jumatatu, tumbo likimtangulia mlangoni. Chande anatafuta "kidole", anabonyeza, anatikisa kichwa. "Hakuna, mama."

Wiki ya nane Chande akaligundua kosa lake, jasho likamtoka ndoo tatu. Kila tangazo huishia na "weka alama ya kidole", kwa hiyo neno hilo yeye mwenyewe alikuwa amelipa uzito wa sifuri. Kompyuta ilikuwa hata hailitazami! Hakumwambia mtu. Kidole cha mwisho wa tangazo akakiacha sifuri, kidole cha kwenye maelezo akakipa tembo.

Yakatoka matangazo mia tatu: vidole vilivyokatika, vilivyovimba. Mzee Likumbo akayapitia, akasimama kwenye moja. "'Kaokotwa, kidole kimezidi kushoto.' Si huyu?"

Ndiye.

Bi Zawena akaja na binti mkononi, kichanga mgongoni. "Jina ni la Chande! Kamtoa kwenye kompyuta."

"Eti nini?" Sikudhani akaruka. "Fomu haina nafasi ya vidole, hicho cha binti nilikibananisha mimi kwenye tangazo. Bila hivyo angepima hewa!"

"Na macho yangu je, wajukuu? Mapambo?" akasema Mzee Likumbo.

Binti akaangalia ile ofisi. "Mama, hapa ndipo ulikuwa unakuja, siku zile hukuja kunichukua?"

"Hapa, mwanangu. Huyu kaka alikuwa anakutafuta."

Chande akainamia kompyuta yake.

Kichanga bado hakina jina. Haya, nyinyi hodari wa kuhukumu: kiitwe nani? Na mngekuwa Chande, mngelipokea hilo jina, au mngesema habari ya ile sifuri?