Moto Aliouzika Ngiri

Paukwa!
Pakawa!

Fumbeni macho, wanangu, na ninyi wakubwa pia. Lioneni bonde wakati wa kiangazi. Nyasi kavu. Upepo hakuna. Ndege kimya. Na moshi mwembamba unatoka ardhini, mahali ambapo hakuna aliyewasha moto.

Hapo zamani za kale bonde hilo lilikuwa na sheria. Ukiwasha moto uani kwako, fyeka nyasi pande zote. Weka mtungi wa maji karibu. Usiondoke mpaka ulikanyage jivu ulikute baridi.

Ngiri, mchimbaji hodari, alichoma mihogo kando ya kisiki. Akala, akashiba. Mtungi wake mtupu, mto uko mbali. Basi akausukumia moto udongo kwa pua, parakacha, parakacha.

Jirani yake, Bi Kobe, akauliza, "Umeumwagia maji?"

"Nimeuzika. Umewahi kuona maiti akifufuka?"

"Moto hauzikwi, baba. Moto huogeshwa. Na mayai yangu yamo ardhini hapa."

"Ah, Bi Kobe! Mbio huna, lakini hofu yako hutangulia!"

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, mchana, Ngiri akahisi sakafu ya shimo lake ina joto. Akatega sikio. Fuuu... fuuu... Kitu kinapumua chini.

Akatoka mbio. Kisiki hakipo, pana tundu jeusi. Moshi unachungulia hapa, unajificha, unachungulia kule. Moto unatembea ndani ya mizizi, polepole, kwenda kwa Bi Kobe.

Bi Kobe alikuwa akichimba. Kwaru, kwaru. "Ngiri! Kucha zangu hazitoshi!"

Ngiri akachimba. Vumbi, puu! Pua ikaungua, ndevu zikaungua. Akayatoa mayai sita. Matano vuguvugu. La sita lilikuwa moto, zito, kimya.

Bi Kobe hakumtukana. Alilisogeza yai lile mbele yake. "Huyu ndiye wa kuzika," akasema. "Mzike wewe."

Ngiri akamzika, kisha akachota maji na kuumwagia moto hadi jua likazama. Ndiyo maana mpaka leo akila hupiga magoti. Anaipima ardhi kama ina joto.

Wanangu, sheria ya moto humlinda jirani. Aliyewasha ndiye azime.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye jivu baridi. Nawaombeni mkumbuke jambo moja tu: msiuache moto kabla ya kuuogesha.